Je, Aliyekubali Hakuibiwa?

Liko neno tunalolisikia mara nyingi sokoni, nalo husemwa kwa uhakika kana kwamba limeandikwa katika vile vibao vya Musa: "Aliyekubali hakuibiwa." Maana yake ni hii: mimi nikitaja bei, nawe ukaitikia, basi mambo yamekwisha, hakuna wa kunilaumu, wala sina neno la kupeleka kwenye kitubio. Neno hilo lina sehemu ya kweli, kwa maana mauzo yasiyo na mapatano si mauzo, ni unyang'anyi. Lakini je, mapatano peke yake yatosha? Hilo ndilo swali letu. Twataka kulipima neno hili kama mama mwenye busara anavyopima unga: hutikisa chombo kwanza, akaangalia na chini yake.

1. Soko linalokuja na mvua

Mahali pazuri pa kulipima ni soko la majira. Mjini Kolwezi kuna masoko ya kila siku, yenye vibanda na ushuru wake. Lakini kando ya barabara zitokazo mjini, kama ile iendayo upande wa ziwa la Nzilo, hutokea masoko mengine yasiyo na paa wala mlango. Huja na mvua, na hukoma mazao yakiisha. Mvua za Novemba zikisha kulowesha udongo, akina mama huja na matunda ya masuku, na viwavi vya kula, ambavyo kwetu huitwa vinkubala, na uyoga mkubwa uotao penye vichuguu. Februari na Machi ni zamu ya mahindi mabichi. Baadaye, mvua zikikoma, huja mahindi makavu, karanga na viazi vitamu. Tena wako wavuvi wa ziwa, lile lililofanyika mto Lualaba ulipozibwa kwa ukuta wa bwawa la umeme katika miaka ya mwanzo ya 1950. Nao huleta samaki wabichi na wale waliokaushwa kwa moshi.

Katika soko hili bei haiandikwi po pote. Kila siku ina bei yake, na hata kila saa. Asubuhi uyoga ni mgumu na mzuri, na mwenye kuuza ana nguvu, aweza kumwambia mnunuzi, "Baba, kama hutaki, atakuja mwingine." Saa kumi jioni uyoga umeanza kunyauka. Mwenye kuuza anaukumbuka mwendo mrefu wa kwenda kwa miguu, tena na mtoto mgongoni, na mawingu yanakusanyika. Wanunuzi watokao mjini wanalijua sana jambo hilo. Tulipolitembelea soko kama hilo wakati wa mvua, tuliwaona baadhi yao wamefika mapema, wala hawakununua kitu. Walikaa kivulini juu ya pikipiki zao, wakaongea na kucheka, wakingojea jua lipinduke. Ndipo kijana mmoja akamwendea mama aliyebakiwa na mabeseni mawili ya uyoga, akamwambia, "Mama, jua linakwenda." Mama akataja bei. Yule akataja theluthi ya bei ile. Mama akatazama mawingu, akatazama mabeseni yake, akaitikia. Hapakuwa na uongo, wala matusi, wala kipimo kibaya. Kijana hata alimsaidia kuumimina uyoga mfukoni. Je, aliiba?

Tusijibu upesi. Mwenye kujibu upesi "ndiyo" atawafanya wachuuzi wote kuwa wezi. Na mwenye kujibu upesi "hapana" atalifanya soko kuwa mahali ambapo Amri za Mungu husimama nje kama mbwa.

2. Uhitaji ndio uliolizaa soko

Kwanza tufahamu kwamba kuhitaji si aibu, wala kupata faida kwa kuwa mwingine anahitaji si dhambi kwa yenyewe. Pasipo uhitaji soko lisingekuwapo. Aristotle, yule mwenye hekima wa Wayunani, alikwisha kufundisha kwamba uhitaji ndio unaowaunganisha watu katika kubadilishana mali.

Mfano wake tunao katika nchi yetu wenyewe. Mto Lualaba upitao karibu na Kolwezi hushuka upande wa kaskazini hata kufika kwenye bonde la Upemba, penye maziwa mengi. Huko wako wavuvi wanaojenga vibanda vyao juu ya visiwa vinavyoelea, vilivyofanyika kwa mafunjo na majani yaliyoshikamana. Mahali paitwapo Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Ndani yake walikuta vyungu, mapambo, na vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Vile vya kale zaidi ni vikubwa na vichache. Vya baadaye ni vidogo na vingi, na ukubwa wake unakaribiana, hata wataalamu huamini kwamba vilitumika kama fedha. Basi, shaba haipatikani katika bonde lile la maji. Ilitoka kusini, katika nchi hii ya migodi.

Tazameni jambo hili. Watu wa maji walikuwa na samaki; watu wa vilima walikuwa na shaba; kila mmoja alikosa kile alichokuwa nacho mwenzake. Mapatano ya namna hiyo ni mema, kwa sababu uhitaji wa huyu unalingana na uhitaji wa yule. Mwenye samaki aweza kusema "sitaki" akarudi kwake asife, na mwenye shaba vile vile. Lakini uhitaji wa pande mbili usipolingana, yaani mmoja aweza kungoja na mwingine hawezi, hapo ndipo hatari inapoanza. Neno "nakubali" linasikika sawa vinywani mwao wote wawili, lakini uzito wake si mmoja.

3. Njia tatu za kupunja

Mtu aweza kumpunja mwenzake sokoni kwa njia tatu. Tuziangalie moja moja.

Njia ya kwanza ni kipimo. Kwetu Katanga unga hupimwa kwa chombo kiitwacho meka. Wako wanaoligonga tako lake kwa nyundo mpaka lipande juu. Wako wanaoweka samaki wabovu chini na wazuri juu. Nabii Amosi, miaka zaidi ya 700 kabla ya Kristu, aliwakemea wachuuzi waliopunguza kipimo, wakadanganya kwa mizani, wakauza hata makapi pamoja na ngano. Hapa hatuna haja ya kukawia. Aliyekubali ameibiwa kweli, kwa kuwa alikubali meka nzima akapewa pungufu. Hakukikubali kile alichopewa.

Njia ya pili ni habari. Hapa wenye hekima walibishana zamani sana. Cicero wa Roma, katika kitabu juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristu, alileta swali la kisiwa cha Rhodes. Njaa imeingia kisiwani. Mfanya biashara, tena mtu mwema, anafika kutoka Alexandria na merikebu iliyojaa nafaka, na watu wa kisiwa wako tayari kulipa bei kubwa. Lakini yeye ameziona merikebu nyingine nyingi zenye nafaka zinakuja nyuma yake. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babuloni alisema kwamba kunyamaza si sawa na kuficha. Mwenye kuuza hana deni la kusema kila analolijua. Mwanafunzi wake Antipater alikataa: mtu amezaliwa kuwafaa wenzake, basi awezaje kuwaficha neno linalowahusu? Cicero mwenyewe alishikamana na Antipater.

Kama miaka 1300 baadaye, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua swali hilo hilo katika Summa Theologiae. Jibu lake ni la uangalifu. Mfanya biashara yule, asema, haonekani kuvunja haki akinyamaza, kwa kuwa nafaka nyingine bado haijafika. Lakini akiwaambia, au akipunguza bei, atakuwa ametenda kwa fadhila kubwa zaidi.

Nasi tunalo swali letu la Rhodes, ijapokuwa hatukai kisiwani. Katanga hula bukari kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi na unga wake hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Zaidi ya mara moja Zambia imezuia mahindi yasitoke nje, na bei ya unga ikapanda Lubumbashi. Tena Kolwezi, iliyo mbele zaidi kwa barabara ya kilometa 300 hivi, ikapata taabu yake. Sasa fikirini mchuuzi mwenye magunia mengi stoo. Usiku ndugu yake dereva anampigia simu: "Mpaka umefunguliwa, malori yanavuka." Kesho yake asubuhi mama mwenye watoto sita anakuja kununua magunia mawili kwa bei ya juu kabisa, tena kwa fedha ya kukopa, kwa kuwa anaogopa kwamba juma lijalo unga hautakuwapo. Anauliza, "Baba, unga utapatikana tena lini?" Akijibu, "Hautapatikana," amesema uongo, na faida aliyoipata kwa uongo ni mali ya wizi. Akinyamaza tu, pengine hatutamwita mwizi. Lakini asishangae kama mama yule, atakapoyaona malori siku ya tatu, hatamwita tena jirani.

Njia ya tatu ni shida, nayo ndiyo iliyofichika kuliko zote, kwa sababu hapa kipimo chaweza kuwa kamili na habari zikajulikana kwa wote. Tomaso afundisha hivi. Kama kitu changu ni cha lazima kwangu, na kukitoa kwanitia hasara, naweza kuongeza bei kwa ajili ya hasara hiyo. Lakini kama mimi sipati hasara yo yote, ila mnunuzi ndiye anayekihitaji sana kwa sababu ya hali yake, nisiongeze bei kwa sababu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu ule uhitaji hautoki kwangu, unatoka kwake. Na hakuna mtu awezaye kuuza kisicho chake.

Wasomaji wapenzi, neno hili tulishike, kwa maana ndilo ufunguo wa shauri lote. Shida ya mwenzangu si mali yangu. Sikuilima, sikuivua, sikuibeba kichwani. Basi nitaiuzaje? Na lile lililo kweli kwa mwenye kuuza ni kweli pia kwa mwenye kununua: kama siwezi kuiuza shida ya mwingine, vile vile siwezi kuitumia kama fedha ya kulipia uyoga wake.

Sasa twaweza kumjibu yule kijana wa pikipiki. Uyoga ulionyauka una thamani ndogo kuliko uyoga wa asubuhi. Kwa hiyo kupunguza kidogo ni haki yake. Yeye naye aweza kukosa wateja mjini, uyoga ukamwozea. Apunguze tena kidogo. Hayo ni mambo ya uyoga na ya kazi yake. Lakini kile alichokipunguza kwa sababu ya mawingu, na giza la njiani, na mtoto mgongoni, hicho hakikuwa chake. Hakuiba beseni lote. Aliiba sehemu ile. Mama aliitikia, ndiyo, lakini iliyoitikia ndani yake ni hofu.

4. Mambo makubwa kuliko uyoga

Kama mambo yangeishia kwenye uyoga, tusingeandika maneno mengi. Lakini iko desturi nyingine iliyo nzito. Mwezi wa Januari, ghala zikiwa tupu na mahindi yangali mabichi shambani, mtu hufika kijijini na fedha mkononi. Katika nyumba moja kuna mtoto mwenye homa. Katika nyingine ada ya shule haijalipwa. Mgeni hutoa fedha leo, apewe magunia wakati wa mavuno. Kwa fedha ambayo hainunui hata gunia moja sokoni siku ile, hujipatia magunia mawili au matatu miezi michache baadaye. Baba wa nyumba hulima na kupalilia shamba ambalo mavuno yake yamekwisha kwenda. Kila mmoja ameweka kidole chake kwenye karatasi, na mgeni husema, "Walikubali wenyewe." Wazee wetu katika imani walikuwa na jina la jambo hili, nalo ni riba, hata likivikwa nguo ya biashara.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha juu ya mshahara kwamba mapatano hayatoshi. Mfanya kazi akikubali mshahara mdogo kwa kuwa amebanwa na shida au anaogopa kupatwa na baya zaidi, huyo ametendewa kwa nguvu na kwa udhalimu. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliyapanua mafundisho hayo hata kufika kwenye biashara ya mataifa: pande mbili zikiwa haziko sawa kabisa, mapatano yao peke yake hayaifanyi bei kuwa ya haki. Sisi tuliozaliwa juu ya shaba na kobalti twaelewa vema maana ya maneno hayo.

Hapa twamsikia mchimbaji mmoja akitukatiza. "Mimi nami hupunjwa," asema. "Nachimba kwa mikono. Mashine inayosoma wingi wa madini katika gunia langu iko mkononi mwa mnunuzi, na mizani ni yake. Bei ya shaba hutajwa London kila siku ya kazi. Yeye anaijua, mimi siijui. Ananitajia bei, naitikia kwa kuwa watoto wanangoja. Basi nikija sokoni nisipate nafuu yangu kwa mama wa uyoga, nitaipata wapi?"

Ndugu, lalamiko lako ni la kweli, na wanaokupunja hawataponea katika kuitikia kwako. Lakini fikiri kidogo. Deni lako liko kwa yule mwenye mizani. Mama wa uyoga hakuchukua kitu chako. Ukimlipiza yeye, hujarudishiwa chako, umeongeza tu mtu mmoja katika safu ya waliopunjwa. Naye akifika kijijini atamtafuta aliye mnyonge kuliko yeye, labda yatima aliyemlimia kibarua. Hivyo udhalimu unaoanzia penye mizani kubwa hushuka ngazi kwa ngazi, kama maji machafu ya mgodini, mpaka ufike kwa mtu asiye na mtu wa chini yake. Mahali po pote katika safu ile mtu mmoja aweza kusema, "Hapa kwangu unakoma." Huyo amefanya kazi kubwa.

5. Shauri kwa mwenye kuuza na mwenye kununua

Mwingine atauliza: "Nani basi aijuaye bei ya haki? Mchuuzi naye hununua petroli, hulipa ushuru, hupoteza samaki wanaooza njiani." Ni kweli. Gharama hizo ni zake, na ni haki azirudishe, pamoja na faida ya kuwalisha watoto wake. Asipopata faida hatarudi tena, na kijiji kitakaa na uyoga unaooza. Mtakatifu Tomaso mwenyewe asema bei ya haki si kama ncha ya sindano. Ina upana wake, na kuongeza au kupunguza kidogo hakuvunji haki. Ndani ya upana huo watu na wapatane kwa furaha, wabishane, wacheke, na mwenye kuuza aongeze matabishi mwishoni. Hilo ndilo tamu la soko, wala Kanisa halikatazi.

Lakini ili mtu asitoke nje ya upana ule, twampa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuitikia. La kwanza: bei hii ingekubaliwa na mtu asiye na haraka wala hofu? Bei waliyokubaliana wengi asubuhi, wakati hakuna aliyebanwa, ni shahidi mzuri. La pili: je, ningeona haya mwenzangu akijua yale ninayoyajua mimi sasa? La tatu: faida yangu inatoka wapi, katika kazi na mali yangu, au katika taabu yake?

Tena twawashauri wakristu wasiliache jambo hili kwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja tu. Mtu aliye peke yake Januari ni mnyonge. Watu kumi pamoja si wanyonge vile. Jumuiya ndogo yaweza kuweka akiba ya magunia machache wakati wa mavuno, kila nyumba ikitoa meka zake, ili mwezi wa njaa mwenye shida akope mahindi na kurudisha kipimo kile kile. Wenye kuuza uyoga waweza kukubaliana asubuhi bei ambayo hawatashuka chini yake, na kukodi pikipiki moja ya kuyapeleka mjini mabaki ya jioni. Kwa njia hiyo uhitaji wa pande mbili huanza kulingana tena, kama ule wa watu wa maji na watu wa shaba.

Basi, lile neno la sokoni tusilitupe, tulitengeneze. Aliyekubali huku akiona kipimo, akijua habari, na akiwa na nafasi ya kusema "sitaki", huyo hakuibiwa. Aliyekubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, huyo tumwulize kwanza kilichomsukuma, ndipo tuhesabu fedha. Bwana wetu alituonya kwamba chombo tunachowapimia wenzetu ndicho tutakachopimiwa sisi. Kila mmoja aigeuze meka yake juu chini leo, aliangalie tako lake.